Jinsi Nilivyomnyoosha Tarishi

Jumatatu, 3 Machi

Shajara yangu, niwie radhi. Nimekutupa muda mrefu, na mtu mwenye adabu hamtupi rafiki asiyewahi kumkatiza usemi. Niliapa nisiandike neno hadi siku ya ushindi. Siku hiyo imekawia. Nimeona heri nianze kabla haijafika, ili itakapofika ikute mahali pamepangwa.

Habari kwa ufupi. Mimi ni mzima. Goti la kulia linalalamika. La kushoto lina nidhamu. Nimestaafu, lakini taasisi imeniachia chumba cha fuwele, kwa kuwa hakuna mwingine anayekijua. Chumba kidogo, kimya, chenye baridi ile ile kutwa kucha. Rafu zimenyooka. Vibandiko vyote nimeviandika kwa mkono wangu, kila kimoja na nukta yake mwishoni. Humo ndimo ninamoishi. Nyumbani ninalala tu.

Sasa balaa. Leo, wakati wa chai, Mkuu wa Maabara ametangaza kwamba chumba changu kinatakiwa. Na anayekitaka ni nani? Mpwa wa mke wangu! Binti wa shemeji yangu, niliyemfundisha mimi mwenyewe kushika pipeti. Anataka kuweka humo mashine zake za kutikisia. Mkuu amesema wazi, mbele ya watu: nikitoa fuwele ya Tarishi kabla ya kikao cha Ijumaa ya wiki ijayo, chumba ni changu. Nisipotoa, nihamishe kiti.

Nieleze, maana hata shajara inastahili ufafanuzi. Tarishi ni jina tulilokipa kimeng'enya tunachokichunguza. Kwa kitaalamu ni kinasi. Kazi yake ndani ya seli ni kupeleka habari. Huiendea protini nyingine, tuliyoipa jina la Mpokezi, huibandika kipande kidogo cha fosfeti, na kwa kibandiko hicho Mpokezi hujua kwamba kazi imeanza. Kiwiliwili cha Tarishi kimekunjwa vizuri, kimeshikamana, kina heshima zake. Ila ana mkia! Mrefu, uliolegea, usio na umbo. Sasa uko huku, sasa uko kule. Kwa ajili ya mkia huo Tarishi hakubali kuwa fuwele, kwa sababu fuwele ni foleni, na foleni haikai sawa ikiwa kila mmoja anampapasa jirani yake. Kila nikijaribu, ninapata uji.

Mimi nililelewa na mwalimu wa sarufi aliyetufundisha kwamba sentensi ikishafika kwenye nukta, isimame. Protini nayo ni sentensi. Huyu Tarishi amefika kwenye nukta na bado anapayuka.

Binti anadai kwamba mkia ndio wenye kazi. Ati hauhitaji umbo! Nikamwuliza, kitu kisicho na umbo kina kazi gani? Kwa adabu zake zote akaniuliza, "Kwani kamba ina umbo gani, mjomba?" Nikamjibu kwamba kamba ina msumari wake ukutani, na ikae hapo hapo. Watu wakacheka. Ninaamini walicheka upande wangu.

Tangu leo, katika kurasa hizi, nitamwita Bibi Mkia.

Jumanne, 4 Machi

Mpango wa kwanza. Nitatengeneza mfano wa Tarishi na kuuweka kwenye meza ya chai, ili kila mwenye macho aione aibu ya mkia ule. Kiwiliwili nimekichonga kutokana na sifongo ya kuoshea vyombo. Kimetoka vizuri mno. Kina mabega. Kilichobaki ni mkia, na nilihitaji kitu cha kudhalilisha.

Nimekipata bafuni. Taa ya bafuni kwetu huwashwa kwa kuvuta kamba inayoning'inia kutoka darini. Kamba yenyewe ni fupi, ya kiungwana. Lakini mke wangu, ambaye hakujaliwa urefu, aliiunganisha na uzi wa sufu wa rangi ya waridi, akafunga kifungo cha koti mwishoni. Kila ninaponyoa ndevu kifungo hunigonga sikioni. Nimevumilia tangu ujana wangu. Leo nimekata. Mkasi, mara moja, kwisha! Bafu limepata nidhamu, na Tarishi amepata mkia.

Jioni mke wangu akauliza mbona bafuni giza. Nikamweleza kwa upole kwamba taa ni nzima, umeme upo, anyooshe mkono tu. Akaninyooshea mimi kidole, akasema nimletee ndoo. Sasa anapanda juu ya ndoo. Ndoo ni imara. Nimeikagua mwenyewe.

Jumatano, 5 Machi

Chai. Nimesimama, nimetoa maelezo mafupi yenye utangulizi, kiini na hitimisho. Mkuu akamshika Tarishi kwenye mkia, akambembeza, akacheka mpaka akatoa miwani. Mwanamke huyu hakuwahi kucheka mbele yangu. Nikajua nimeshinda.

Hapo Bibi Mkia akaomba ruhusa. Akachukua sifongo nyingine, akaipasua kidogo kwa kisu, kama tundu la kifungo. Huyu ni Mpokezi, akasema. Akaiweka mwisho kabisa wa meza, kati ya vikombe. Akamshika Tarishi kiunoni, asimsogeze hata kidogo, akaurusha uzi. Kifungo kikaingia kwenye tundu! Akavuta polepole, na Mpokezi akaja, akipita kati ya visahani kama mgeni rasmi, mpaka kifuani kwa Tarishi.

"Mmeona? Mwili umetulia. Aliyekwenda kumwita mwenzake ni huyu mlegevu."

Wakapiga makofi. Mhasibu, ambaye hajui protini wala mama yake protini, akaomba naye ajaribu. Wakapanga zamu! Watu wazima, wenye shahada zao, wakavua sifongo kati ya vikombe mpaka chai ikapoa. Mkuu akaniambia, "Mzee, leo umetufungua macho." Nikapokea shukrani, maana zilikwisha kutolewa.

Kifungo ndicho kilichoniponza. Uzi mtupu usingethubutu.

Lakini si habari mbaya tupu. Mkuu alipomaliza kucheza alimgeukia Bibi Mkia, akasema mchezo wa sifongo ni mtamu ila chumba hakitolewi kwa sifongo. Alete ushahidi. Aonyeshe Tarishi asiye na mkia, na aonyeshe kwamba ameshindwa kazi. Bibi Mkia akainamisha kichwa. Akakiri kwamba amejaribu kwa miezi. Kila akiwapa bakteria maagizo ya kumtengeneza Tarishi bila mkia, wanamtolea mabonge. Hana hata tone moja la kupimia.

Hana ushahidi! Nimekunywa kikombe cha pili.

Mke wangu ameuliza kifungo chake kiko wapi. Nikamwambia kiko kazini. "Ah," akasema, "kifungo kimeajiriwa, mimi napanda ndoo."

Alhamisi, 6 Machi

Mpango wa pili. Huu ndio wenyewe. Nashangaa kwa nini haukuwa wa kwanza.

Kwenye friji ya pamoja kuna kichupa cha kimeng'enya kikataji. Sisi wa zamani tulikiita Mkasi. Tabia yake ni nzuri sana: hutafuna kilicholegea, huacha kilichokunjwa. Ukikitia tone moja kwa Tarishi na kumwacha kwenye baridi, mkia utaliwa na kiwiliwili kitabaki, safi, kimenyooka, tayari kwa foleni. Kilichowashinda bakteria kwa miezi, Mkasi hukimaliza kwa siku moja. Vijana hawakijui. Wao hupenda mashine zenye taa.

Kulikuwa na swali moja la utaratibu. Tarishi wetu wote yuko katika tyubu moja kubwa, ambayo Bibi Mkia huitayarisha kwa kazi ya wiki nzima, kisha kila mmoja huchota fungu lake. Ningeweza kuchota fungu langu kwanza, nikalitia Mkasi hilo tu. Nilisimama nikalifikiria jambo hilo kwa haki. Pipeti mkononi. Kisha nikajiuliza, kuna faida gani kusahihisha nakala moja na kuiacha ile yenye makosa itembee mitaani? Nikatia kwenye tyubu kubwa.

Huko si kuharibu. Ni kuhariri. Mwalimu wangu hakuwahi kumwomba mwanafunzi ruhusa kabla ya kumfutia sentensi. Na Bibi Mkia akimweka Tarishi kwenye mashine yake ya sumaku, ile inayoonyesha kilicholegea, hataona ulegevu wowote. Atajua kwamba ulimwengu una mpangilio. Atanishukuru.

Nilipomaliza, nikaona vile vichupa vilivyosimama ovyo kwenye rafu ya friji. Nikavipanga vyote kwa urefu, kuanzia kifupi. Sikukusudia. Mkono ulikwenda wenyewe.

Ijumaa, 7 Machi

Asubuhi nimechota fungu langu, nimeweka matone kwenye vioo, nimeyafunika, nimeyaacha kabatini. Mchana nimechungulia kwa hadubini. Si uji! Maji maangavu, kama macho ya mtoto. Nimetembea korido nzima nikijizuia kuimba.

Bibi Mkia ana siku mbaya. Mashine ya sumaku haimwonyeshi mkia. Akampima Tarishi kwa chambo kidogo cha majaribio, kipande tu cha protini, na Tarishi akakibandika fosfeti papo hapo. Hai kabisa! Akampa Mpokezi mzima. Kimya. Tarishi anampita Mpokezi kama watu wasiojuana. Amerudia. Jibu ni lile lile. Nimemkuta amekaa, mkono shavuni, anaitazama tyubu yake.

"Mjomba, Tarishi wangu anaumwa."

Nikamwambia huenda haumwi. Huenda amekua. Nikampa biskuti. Mimi si mtu katili.

Akauliza kama nimeona lolote geni kuhusu tyubu yetu. Nikasema nimeona kwamba imetulia kuliko zamani. Hilo ni kweli, na lilisemwa kwa ufasaha.

Jumamosi, 8 Machi

Fuwele!

Nirudie. Fuwele! Katika tone la tatu, ndogo, zenye kingo kali, zinazong'aa kama zimekatwa na sonara. Moyo ulinienda mbio. Lakini mimi si mtoto. Chumvi nayo hutoa fuwele, na imewahi kuwafedhehesha wakubwa wa fani hii. Nikachukua sindano, nikaigusa moja. Chumvi ingegoma, ingelia kama mchanga kwenye jino. Hii ikabonyea, ikamegeka kimya, kama jibini. Protini! Tarishi! Amesimama foleni hatimaye, mmoja nyuma ya mwingine, mikono kando!

Nilitoa machozi. Machache. Baridi ya chumba husababisha.

Nimemweleza mke wangu yote isipokuwa lile tone. Akanipa pongezi, akaniuliza sasa kwa kuwa nimefurahi, je, naweza kumrudishia uzi wake? Nikamwambia uzi umekuwa kielelezo cha kitaaluma. Akasema sawa, basi kielelezo kipande ndoo kimwashie taa.

Jumapili, 9 Machi

Bibi Mkia amekuja kula nasi mchana, kama kila Jumapili. Kwenye meza ya chakula humwita mke wangu shangazi na mimi mjomba, na vita vya maabara tunaviacha nje pamoja na viatu. Alikuwa mnyonge. Kijiko kilikuwa kinazunguka tu kwenye sahani. Nilimwonea huruma ya kiungwana, ile aionayo mshindi aliyekwisha kuvua glavu.

Akaomba radhi, akaenda bafuni. Tukasikia anapapasa ukuta. Kisha kishindo. Ndoo! Na maji yalikuwamo.

"Shangazi! Jamani, kamba iko wapi?"

Mke wangu, bila kuacha kupakua, akajibu kwa sauti, "Muulize mjomba wako! Taa nzima, umeme upo, sema haina tena pa kushikwa!"

Nikaanza kuinuka nikidhani ameumia. Kisha kikatoka kicheko huko gizani. Kicheko cha mtu mmoja, peke yake, katika bafu lisilo na taa. Akatoka sketi ikichuruzika maji, akaniuliza niliikata lini. Nikasema Jumanne. Akauliza, mtu akiifikia ile kamba fupi iliyobaki, taa inawaka? Nikamjibu bila shaka, inawaka barabara, taa haina kosa.

"Kwa hiyo taa haijafa," akasema polepole. "Ni sisi hatuifikii."

Akamkumbatia shangazi yake, akachukua mkoba, akaondoka mbio, Jumapili yenyewe, sketi mbichi, sahani haijaguswa. Nikamwambia mke wangu kwamba masikini, mtoto amevunjika moyo. Anakimbia aibu. Mke wangu akanitazama, kisha akanipakulia tena. Nadhani naye anasikitika.

Jumatatu, 10 Machi

Fuwele zimekwenda kwenye mtambo wa eksirei ulioko chini. Fundi wa mtambo amesema hajaona nzuri kama hizi. Nimemtaka arudie, nikiwa nimesimama mahali ambapo Mkuu angesikia. Mkuu hakuwapo.

Bibi Mkia alifika mapema kuliko mimi. Amepitisha Tarishi kwenye jeli, huyu wa sasa kando ya yule wa zamani aliyekuwa amemweka kwenye friza. Katika jeli mfupi hukimbia mbele na mrefu hubaki nyuma. Mstari wa Tarishi wa sasa uko mbele sana. Ni mfupi! Aliutazama, akaenda kwenye friji, akaifungua, akakaa ameushika mlango. Akaitazama rafu. Akanitazama mimi.

"Mjomba, nani kapanga hizi chupa kwa urefu?"

Nikamjibu kwamba utaratibu hauhitaji mwenyewe.

"Hm," akasema.

Basi. Hm! Hiyo ni Hm ya ukoo wao. Nimeishi nayo ndani ya nyumba tangu siku ya harusi. Baada ya Hm hiyo huja kitu, lakini hakiji siku ile ile.

Nikigunduliwa, chumba kimekwenda. Mkuu hatanivumilia. Nimekaa kwenye kiti changu katikati ya rafu zangu na kuzitazama moja moja.

Jumanne, 11 Machi

Mpango wa tatu: kuivuruga rafu ya friji, ili ushahidi upotee. Kazi ya kitoto, nilidhani. Mtu yeyote anaweza kuvuruga.

Nimeshindwa. Nilihamisha vichupa huku na huko, nikarudi nyuma kutazama, nikakuta nimevipanga kwa unene. Nikavuruga tena. Vikatoka kwa rangi ya vifuniko. Mara ya tatu nilifumba macho. Nilipofumbua, vilikuwa viwili viwili, kama wanafunzi wanaokwenda matembezi, na kichupa cha Mkasi mbele kama kiranja.

Bibi Mkia akaingia kuchukua kitu chake. Akatazama.

"Leo ni viwili viwili, mjomba?"

Nikasema watu wa usafi siku hizi ni makini sana. Akasema kweli, wana mkono wa mwalimu. Akaenda zake akiimba kwa sauti ya chini. Sijui binti aliyeshindwa anaimba nini.

Ijumaa, 14 Machi

Kikao.

Nilivaa koti langu, lile linalokosa kifungo kimoja. Nilitangulia. Niliweka ukutani picha ya kiwiliwili cha Tarishi kutoka kwenye eksirei: kila mkunjo mahali pake, mfuko wa kushikia fosfeti wazi kama mkono wa mhubiri. Chumba kizima kilipumua. Nikasema, mabibi na mabwana, huu ndio uso wa mpangilio. Nikaweka nukta. Nikakaa.

Akasimama Bibi Mkia. Nikaanza kufikiri kiti changu kingehamishiwa wapi. Pale karibu na mashine ya kunakilia, pengine, penye joto na watu wanaouliza karatasi.

Akaweka matokeo yake. Tarishi mwenye mkia hufikisha habari. Tarishi asiye na mkia yu hai, anabandika chambo kidogo bila taabu, lakini Mpokezi mzima hampati kabisa. Mwili ni mzima, umeme upo, akasema, ila mkia ndio unaokwenda kumshika mwenzake na kumleta. Hauna umbo kwa sababu lazima umtafute mtu ambaye hajulikani kasimama wapi. Ungekuwa mgumu, ungemkosa. Mkuu akauliza alimpataje Tarishi asiye na mkia, ikiwa wiki iliyopita hakuwa na hata tone.

Nikafumba macho.

"Hiyo si kazi yangu," akasema. "Mimi bakteria wamenigomea miezi. Aliyeukata mkia ni mzee wetu huyu hapa. Tone moja la kikataji, njia ya zamani ambayo sisi hatuijui. Akanikatia tyubu nzima, si fungu lake tu. Na wala hakuniambia! Akaniacha nijionee mwenyewe. Sijui kama tunaye mwalimu mwingine wa namna hiyo."

Sauti ilikuwa laini. Macho yalikuwa ya shangazi yake.

Makofi! Mhasibu alisimama. Nami nikasimama, nikainama kidogo. Kumkatiza mtu anaposema mambo mema ni utovu wa adabu, na sikulelewa hivyo.

Kisha ukaja uamuzi. Bibi Mkia mwenyewe ndiye aliyependekeza, na Mkuu akakubali. Anaamini kwamba mkia unapomshika Mpokezi hukaza na kupata umbo, kwa muda ule tu wa kushikana. Anataka tuone. Kwa hiyo tutengeneze fuwele ya Tarishi na Mpokezi wakiwa pamoja, mkia ukiwamo, mzima, bila kuguswa. Akasema kazi hiyo inahitaji chumba cha fuwele kibaki kilivyo na mzee abaki ndani yake. Yeye atachukua kona moja tu kwa mashine ya kutikisia, ile ndogo. Chumba ni changu mradi fuwele hiyo inatafutwa!

Nimeshinda. Walitaka kunitoa, wamenithibitisha. Bibi Mkia amesalimu amri mbele ya kikao kizima, na kwa heshima nimemwachia kona.

Tulipotoka akaniinamia sikioni. "Mjomba, siku nyingine niombe. Nitakupa tyubu yako peke yako, ukate mpaka uchoke." Nikamwambia nitazingatia. Jioni nikaona ameweka kufuli kwenye friji. Vyema! Sasa ametambua thamani ya kilichomo. Ufunguo amejivika shingoni, kwa ule uzi wa waridi, na kifungo bado kiko mwishoni. Hakuniuliza. Kizazi hiki huchukua tu.

Jumapili, 16 Machi

Siku njema, jua la kiasi, magoti yote yanatii. Bibi Mkia alikula nasi na kumaliza sahani. Alimletea shangazi yake kamba mpya ya taa ya bafuni. Mke wangu aliifunga yeye mwenyewe, juu ya ndoo, kwa mara ya mwisho, akashuka kama malkia. Wakaiwasha na kuizima mara nyingi, wakicheka, wanawake wazima wawili ndani ya bafu.

Kamba hiyo nimeikagua. Ni ndefu kuliko ile ya zamani. Inafika kiunoni. Na mwishoni wamefunga kengele! Leo nilipokuwa ninanyoa ililia kila nilipogeuza shingo. Nilijisikia kama mbuzi.

Nikiwa huko huko nimemfikiria Mpokezi. Jana nilitazama maelezo yake vizuri. Tarishi sitamgusa, nimetoa neno langu, na mkia wake nimeahidi kuuheshimu. Lakini kuhusu Mpokezi sikutoa neno lolote. Naye, hapo kiunoni, ana kitanzi kirefu kilicholegea, kisicho na umbo, ambacho sioni kinamsaidia nani. Hakuna aliyekitaja kwenye kikao. Kitatuvurugia foleni tu. Tone moja lingetosha, nusu tone, na binti angepata fuwele mapema kuliko anavyotumaini. Angefurahi sana. Friji ina kufuli, ni kweli, lakini kichupa cha Mkasi kiko kwenye kabati langu tangu Jumatano. Nilikihamisha kwa ajili ya usalama wake.

Siwezi kuyafanya yote mawili kwa pamoja. Mtu mwenye utaratibu huanza na moja. Kitanzi au kengele? Kitanzi kina faida kwa elimu. Kengele iko karibu zaidi. Mke wangu amelala kidogo baada ya chakula, na mkasi uko hapa mezani, umefungwa, umenyooka sambamba na kalamu.

Sitakutupa tena, shajara yangu. Nipe muda nipime tu. Nikishaamua kipi kitangulie kukatwa, wewe ndiwe utakayekuwa wa kwanza kuambiwa.